Bima ya kulinda kipato kupitia mfuko wa pensheni: tathmini ya mwanachama aliyetibiwa saratani Mombasa

Huduma ninayoitathmini ni bima ya kulinda kipato iliyofungamanishwa na mfuko wa pensheni wa kazini, ambayo humlipa mwanachama sehemu ya mshahara wake kila mwezi pale ugonjwa unapomzuia kufanya kazi. Mimi ni mwajiriwa wa kampuni ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini, na niliidai bima hii nilipokuwa nikitibiwa saratani ya matiti. Sitaitaja kampuni ya bima wala mfuko wetu, kwa kuwa nia yangu ni kumsaidia mfanyakazi mwenzangu ausome mkataba wake kabla hajauhitaji. Fedha zenyewe ni msaada mkubwa na zililipwa kama zilivyoahidiwa. Utaratibu wa kuzidai, hata hivyo, umetungwa kana kwamba mdai ni mtu mwenye nguvu zake kamili.

Ni vyema kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Bima ya afya ya jamii chini ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na ambayo sisi wenye mishahara tunakatwa asilimia 2.75, huilipa hospitali. Haimlipi mwenye nyumba, haimlipi mwalimu wa madrasa, wala hainunui unga na maziwa. Ni neema kwamba mgonjwa wa Pwani anaweza kupata tiba ya mionzi katika Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, bila kulazimika kupanda basi la Nairobi. Lakini hata tiba ikiwa karibu na imelipiwa, nyumba inayotegemea mshahara mmoja hutikisika mshahara huo ukikatika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Waajiri wengine hutoa zaidi kwa hiari au kwa makubaliano na chama cha wafanyakazi, lakini kiwango cha chini cha Sheria hiyo ni siku 14 tu, na hakuna tiba ya saratani inayomalizika kwa siku 14.

Hapo ndipo bima ya kipato inapotarajiwa kuingia, na hapo ndipo nilipokutana na sharti lililo zito kuliko yote, yaani kipindi cha kusubiri. Mkataba wetu unaanza kuhesabu malipo baada ya siku 90 za kutofanya kazi. Zikiandikwa katika jedwali la masharti, siku hizo huonekana chache, kwa hiyo ni lazima zipimwe kwa kalenda ya matibabu. Mpango mmoja wa kawaida wa tibakemikali kwa saratani ya matiti ni dozi sita, moja kila baada ya siku 21. Aliyeacha kazi siku ya dozi ya kwanza atapata dozi ya tano siku ya 85, kabla kipindi cha kusubiri hakijatimia. Na kwa kuwa malipo hufanywa mwishoni mwa mwezi unaohusika, si mwanzoni, dozi ya sita ya siku ya 106 nayo hupita mkono ukiwa mtupu. Kwa maneno mengine, miezi ambayo mwili umelegea kabisa, chakula hakikai tumboni na nauli ya kwenda hospitali inahesabiwa kila wiki, ndiyo hasa ambayo bima hii haiigusi. Siwezi kuusifu mpangilio huo, wala sidhani kwamba aliyeupendekeza kwa wadhamini wetu, yaani bodi inayoushika mfuko kwa niaba ya wanachama, aliwahi kuufikiria pamoja na daktari wa saratani.

Kuhusu hati, orodha ni ndefu lakini kila kitu kilichomo kina sababu: fomu ya madai, taarifa ya mwajiri inayoonyesha siku ya mwisho kazini na kiwango cha mshahara, hati za mshahara za miezi iliyotangulia, ripoti ya maabara ya kipande cha nyama ya mwili kilichopimwa, barua ya daktari yenye mpango wa matibabu, kitambulisho na namba ya KRA. Sina ugomvi na orodha hiyo. Lalamiko langu ni kwamba haikutolewa yote kwa pamoja. Kila hati moja ilipokubaliwa, nyingine iliombwa, na kila safari ilianza upya kwa foleni katika ofisi iliyoko juu ya ngazi, huku lifti haifanyi kazi. Mdogo wangu ndiye aliyebeba bahasha hizo kwa niaba yangu, akivuka feri kutoka Likoni, na mara ya kwanza alirudishwa kwa sababu hakuwa na barua ya idhini ambayo hakuna aliyekuwa ametuambia inahitajika. Mgonjwa asiye na ndugu wa kumtuma angefanyaje?

Jambo lingine linalochosha ni uthibitisho wa kila mwezi. Daktari anatakiwa kutia sahihi upya kwamba mgonjwa bado hawezi kufanya kazi, ilhali barua yake ya kwanza tayari imetaja tarehe za dozi zote, upasuaji na mionzi itakayofuata. Kwa mvunjiko wa mfupa, sharti hilo lina maana. Kwa saratani, ambayo ratiba yake inajulikana miezi mingi mbele, barua moja kwa kila hatua ya matibabu ingetosha, na madaktari wa kliniki ya saratani, ambao hawana hata nafasi ya kunywa chai, wangepata muda wa kuwahudumia wagonjwa.

Lazima pia nieleze kwa nini majibu huchelewa, maana wengi humlaumu karani wa mapokezi bila haki. Mwenye mkataba wa bima kisheria si mfanyakazi bali ni wadhamini wa mfuko. Swali la kampuni ya bima huenda kwa msimamizi wa mfuko, kisha kwa ofisi ya rasilimali watu, kisha kwa mgonjwa, na jibu hurudi kwa njia ileile. Afisa wa madai aliyetuhudumia hatimaye alikuwa mtu muungwana, alinipigia simu mwenyewe, akasema, "Pole sana, dada. Kuanzia leo niletee mimi moja kwa moja, nitawapa nakala wadhamini." Tangu siku hiyo mambo yalikwenda vizuri, na ningependa utaratibu huo uwe kanuni, usitegemee wema wa mtu mmoja.

Malipo yalipoanza, sikuwa na la kulalamikia. Asilimia 75 ya mshahara wa msingi iliingia pamoja na mishahara ya wenzangu, ikakatwa kodi ipasavyo, na juu ya hayo bima iliendelea kuchangia pensheni yangu kama kwamba niko kazini. Sharti hilo la mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu ugonjwa haukuacha pengo katika akiba yangu ya uzeeni. Nilipoanza kurudi kazini kwa nusu siku, bima ilifidia sehemu iliyopungua badala ya kunifuta, na hilo lilinipa ujasiri wa kujaribu.

Kuna tahadhari moja ninayoitoa kwa mkazo. Mwajiri anaweza kumshauri mgonjwa astaafu kwa sababu za kiafya na kuchukua akiba yake, na ushauri huo huvutia zaidi sasa kwa kuwa tangu mwishoni mwa Desemba 2024 akiba inayotolewa kwa sababu ya ugonjwa haitozwi kodi ya mapato. Lakini anayestaafu ameacha kuwa mwajiriwa, na katika mkataba wetu kuacha ajira kunakatisha dai la kipato. Mwenye matumaini ya kupona na kurudi kazini adai kipato kwanza, na aombe maelezo ya wadhamini kwa maandishi kabla ya kutia sahihi barua yoyote. Akinyimwa haki yake na mfuko, mlango wa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko ya pensheni, uko wazi; akinyimwa na kampuni ya bima, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya bima, IRA.

Nchini Australia, ambako waajiri wamelazimika kuchangia akiba ya uzeeni tangu 1992, mifuko mingi huuza bima ya kipato pamoja na bima ya kifo na ya ulemavu, na vipindi vya kusubiri vya siku 30, 60 au 90 ni vya kawaida, kile kifupi kikigharimu zaidi. Nimewaandikia wadhamini wetu nikiomba chaguo kama hilo, na wameahidi kuleta bei ya siku 30 katika mkutano mkuu wa mwaka wa wanachama. Nitaiunga mkono hata kama makato yangu yatapanda.