Oksimita ya mkononi kwa wodi ya watoto: chagua probu kabla ya skrini

Oksimita ni kifaa kinachopima kwa mwanga kiwango cha oksijeni kwenye damu, kwa asilimia. Kwa wodi ya watoto, ya kununua ni ile ya mkononi yenye waya na probu za kubadilisha, yaani vihisi vinavyofungwa kwenye ngozi. Kile kibanio cha kidoleni chenye skrini mgongoni kiachiwe watu wazima. Mashine kubwa ya kitandani ni nzuri, ila haimfuati mtoto anapohamishwa, na njiani ndiko hali hubadilika bila mtu kuona.

Kanuni ya kifaa imetokana na kazi ya mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, mwaka 1974. Taa mbili, nyekundu ya nanomita 660 hivi na infraredi ya 940 hivi, hupenya kidole na kupokelewa upande wa pili. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mianga hiyo kwa viwango tofauti, na mashine husoma ile sehemu tu inayopanda na kushuka na mapigo. Uwiano wa mianga hiyo ukifika 1, skrini huandika takriban 85. Namba hiyo ikumbukwe. Mtoto akirusharusha mguu, msukosuko huingia katika mianga yote miwili kwa kiasi kilekile, uwiano ukavutwa kwenye 1 na skrini ikavutwa kwenye 85. Methimoglobini, yaani himoglobini (kibeba oksijeni cha damu) iliyobadilika isiweze kubeba oksijeni, ikizidi kwenye damu, matokeo ni yaleyale. Ukiona 85 imeganda na oksijeni unaongeza, uliza kwanza: probu imelegea, mtoto anatikisika, au damu yenyewe ina tatizo?

Kibanio cha mtu mzima humkosesha mtoto kwa sababu rahisi. Kidole ni chembamba, hivyo sehemu ya mwanga hupita pembeni na kukifikia kipokezi bila kugusa damu. Skrini haitakwambia kwamba kuna kosa. Itatoa namba safi kabisa, ya uongo.

Ndiyo maana pesa iende kwenye probu. Kichanga anahitaji ya kuzungushia, laini, inayokaa ubavuni mwa unyayo au kwenye kiganja. Mtoto mkubwa kidogo hufungwa kwenye kidole gumba cha mguu. Taa na kipokezi vitazamane uso kwa uso. Vikipishana hata kidogo, wimbi la mapigo kwenye skrini hudhoofika. Kaza kiasi cha kutoteleza tu, maana ukibana sana unazuia damu unayotaka kuipima. Funika kwa kitambaa kama kuna taa ya kutibu ugonjwa wa manjano au taa kali ya upasuaji juu yake. Mguu wa baridi upashwe moto kwanza. Hamisha mahali pa probu angalau kila saa 4, na kwa njiti, waliozaliwa kabla ya wakati, mapema zaidi: ngozi yao huungua na kuchubuka upesi. Safisha kwa kitambaa chenye spiriti, usiitumbukize kwenye dawa.

Jihadhari na probu za bei rahisi zinazoingia kwenye tundu lakini hazikutengenezwa kwa mashine hiyo. Plagi kuingia si ithibati. Probu isiyolingana inaweza kusoma vibaya bila alamu yoyote kulia.

Kabla ya kuamini namba, tazama wimbi. Kifaa kisichoonyesha wimbi la mapigo, au walau mstari wa nguvu ya mapigo, kisinunuliwe kwa wodi. Kisha weka stetoskopu kifuani, hesabu mapigo kwa dakika nzima, ulinganishe na ya kwenye skrini. Yakipishana sana, namba ya oksijeni nayo itupe. Kipimo hiki hakina gharama na ndicho kinachorukwa zaidi.

Kwenye karatasi ya kiwanda utakuta usahihi wa ±2. Wengi huusoma kama dhamana. Maana yake ni kwamba takriban theluthi mbili ya vipimo huangukia ndani ya hizo 2. Theluthi iliyobaki iko nje. Tena vipimo hivyo hufanywa kwa watu wazima wenye afya wanaoshushwa oksijeni hadi 70 hivi, basi. Chini ya hapo mashine inakisia. Hata juu kidogo ya 70, bingwa wa moyo wa watoto ndiye anayeumia, kwa sababu wagonjwa wake wenye baadhi ya hitilafu za moyo za kuzaliwa nazo huishi kwenye 75 hadi 85 kila siku, na huko oksimita za kawaida huwa na tabia ya kusoma juu kuliko damu ilivyo.

Kuna kasoro nyingine nzito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 kwa watu wazima ulilinganisha oksimita na damu iliyochukuliwa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Kati ya vipimo vilivyoonyesha 92 hadi 96 kwenye skrini, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 kwa wagonjwa weusi, dhidi ya asilimia 3.6 kwa weupe. Tafiti za watoto zilizofuata zimeonyesha mwelekeo huohuo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, 92 yenye pua inayochezacheza na mbavu zinazoingia ndani isipewe heshima ya 92.

Hata kipimo sahihi kina mpaka wake. Mtoto mwenye himoglobini ya gramu 4 kwa desilita atasoma 98 kama mwenzake mwenye 12, huku damu yake ikibeba theluthi moja tu ya oksijeni. Kaboni monoksidi nayo huhesabiwa kana kwamba ni oksijeni: mtoto aliyelala na jiko la mkaa chumbani anaweza kusoma vizuri kabisa akiwa hatarini.

Mabingwa wa watoto wachanga wanakitumia kifaa hiki kwa namna mbili. Dakika za kwanza baada ya kuzaliwa, probu iwe mkono wa kulia, ivikwe kwa mtoto kwanza ndipo ichomekwe kwenye mashine. Namba huja haraka zaidi. Dakika ya 1 tegemea 60 hadi 65, dakika ya 5 tegemea 80 hadi 85. Anayekimbilia oksijeni kwa sababu ya 70 ya dakika ya 3 anatibu hali ya kawaida. Weka muda wa wastani, yaani sekunde ambazo mashine huzijumlisha ili itoe namba moja, kwenye 2 hadi 4 kama kifaa kinaruhusu. Ukiuacha mrefu, mshuko wa ghafla unasawazishwa na hutauona.

Baada ya saa 24 hutumika kuchuja hitilafu kubwa za moyo: mkono wa kulia na mguu wowote. Chini ya 90 ni kumwita daktari papo hapo. Vyote 95 na kuendelea, tofauti isizidi 3, amepita. Katikati ya hapo rudia baada ya saa moja. Kubana kwa aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, hupenya chujio hili mara nyingi, kwa hiyo mapigo ya mapajani yaendelee kuguswa kwa vidole.

Upande wa utafiti, kifaa hiki kimewafundisha mabingwa jambo la kuwaaibisha kidogo. Toronto, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watoto 213 wenye bronkiolaitisi (uvimbe wa njia ndogo za hewa mapafuni) isiyo kali walipimwa. Nusu kwa oksimita zilizorekebishwa kwa siri zisome pointi 3 juu ya kipimo halisi. Waliolazwa au kuhitaji uangalizi mrefu walikuwa asilimia 25, dhidi ya 41 kwa kipimo cha kweli. Namba ndiyo iliyolaza, ugonjwa ulikuwa uleule. Lakini asitokee mtu akahamishia hilo kwa njiti. Majaribio makubwa yaliyounganishwa mwaka 2018, watoto 4,965, yalilinganisha lengo la 85 hadi 89 na lile la 91 hadi 95: lengo la chini lilipunguza matibabu ya ugonjwa wa retina ya jicho, na vifo vikaongezeka. Hivyo alamu za njiti aliye kwenye oksijeni zipangwe kuzunguka 90 hadi 95, na ya juu iwashwe pia, maana wengi huizima kwa kuchoshwa na kelele.

Unapoagiza, chukua probu mbili za kila saizi. Waya hukatika pale unapoingia kwenye plagi, ndani kwa ndani, na dalili yake ni namba inayokuja na kupotea kila waya ukiguswa. Ukifika hapo, plasta haisaidii.