Viatu vya Barafu kwa Anayeanza: Kisigino Kwanza, Rangi Baadaye

Karibuni, watazamaji. Mezani nimeweka jozi mbili za viatu vya kuteleza kwenye barafu: hivi vyenye meno mbele ya chuma ni vya kuteleza kwa mitindo, na hivi visivyo na meno ni vya mpira wa magongo wa barafuni. Kwa anayeanza ningechagua vya kwanza, kwa kuwa chuma chake kimenyooka zaidi na hakimyumbishi mtu mbele na nyuma. Ila meno hayo si breki, na anayeyatumia kusimama huishia kuanguka kifudifudi.

Kosa ninaloliona sana ni kununua namba kubwa ili soksi nzito zipate nafasi. Mara nyingi namba inayokufaa huwa chini kwa moja au moja na nusu kuliko ya kiatu chako cha kutembelea. Vaa soksi moja nyembamba, sukuma kisigino hadi mwisho, kaza kamba hasa penye kifundo, kisha simama ukunje magoti: vidole vilivyokuwa vikigusa mbele virudi nyuma kidogo, na kisigino kisiinuke. Kikiinuka, kifundo kitalala upande, nawe utaulaumu mguu wako kuwa dhaifu ilhali dhaifu ni kiatu.

Sasa tazameni chini ya chuma. Katikati pana mfereji mwembamba unaotenganisha makali ya ndani na ya nje. Napitisha ukucha taratibu ukingoni: ukikwanguka na kuacha unga mweupe, makali yapo; ukiteleza tu, peleka kwa fundi wa viatu hivi, si kwa mnoa visu, ambaye atausawazisha mfereji huo na kukuharibia kiatu.

Ala za kufunikia chuma nazo ni za aina mbili. Ya plastiki ni ya kutembelea nje ya barafu, na ya kitambaa ni ya kuhifadhia. Niliwahi kuiacha ya plastiki usiku kucha, asubuhi nikakuta mistari ya kutu, kwa sababu ilikuwa imefungia maji. Futa chuma mpaka kikauke, pamoja na pale kinapoungana na soli, kisha acha kiatu wazi kipate hewa.

Kuhusu mavazi sina mengi: jinzi hunyonya maji na kukaza magoti, kwa hiyo vaa suruali inayonyumbuka. Helmeti na glavu usiziache hata siku moja, maana ukianguka viganja hutangulia, na nyuma yako kuna chuma cha mwenzako kinakuja.