Tsavo East na Probox, halafu na vani ya tour: nimejaribu zote mbili

Watu huniuliza sana, mbuga ya Tsavo East hapa Kenya uende na gari yako ama ulipe kampuni ya tour? Sisi tumefanya zote, siku mbili mfululizo, mimi na mke wangu, watoto wawili na mamangu.

Siku ya kwanza Probox, hii Toyota yetu ndogo. Msicheke. Mombasa mpaka Voi ni lami tupu, kama kilomita 150, tukalala Voi tukajaza tenki na saa 12 asubuhi geti lafunguliwa tuko hapo. Keshi hawachukui, kwa hivyo malipo maliza kabla hujatoka nyumbani. Njia ya Voi Gate kwenda Aruba Dam ni murram nyekundu, kiangazi gari ndogo yapita vizuri tu ila mahali pengine barabara imejikunja kama bati na meno yanagongana. Kila njia panda ina jiwe lenye namba, ukiwa na ramani si rahisi kupotea. Ndovu tuliona wengi, wekundu kwa ule udongo wanaojimwagia, mamangu akasema hawa wametoka kupakwa hina.

Lakini Probox iko chini bwana. Uko ndani waona nyasi na vichaka, na dereva macho yote yako kwa mashimo. Mbuga ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000, sa wewe unatafuta simba kwa kubahatisha? Mpaka saa 7 mchana tulikuwa na ndovu, punda milia na nyati wa mbali sana, basi.

Siku ya pili vani ya paa la kufunguka, jina la kampuni silitaji. Dereva alichelewa karibu saa nzima, AC yapuliza moto, na saa 5 na nusu ashataka kuturudisha ati "si mshaona simba". Hapo walinikera, manake nimelipa siku nzima. Ila yule jamaa ana macho wallahi! Tulipita swala wamesimama, mimi nikaona swala tu, yeye akazima gari. Akasema hawa wote wanaangalia upande mmoja na hakuna anayekula. Tukangoja, dakika 10 kimya, mdogo ashaanza kulilia biskuti, halafu chini ya mti wa mswaki sikio likatikisika. Simba! Majike matatu na dume lisilo na manyoya ya shingoni, kama walivyo madume wengi wa Tsavo. Na jana yake tulipita papo hapo na Probox tukiimba.

Kwa hivyo nikirudi nitaenda na gari yangu lakini nitamlipa mwenyeji anayeijua mbuga akae mbele, na saa ya kutoka niamue mimi. Hilo la paa nitalikosa, sawa. Mudanda Rock ndio msiache, mwamba mrefu kama kilomita moja na nusu na chini yake kuna maji, ndovu wanakuja kunywa nyinyi mko juu. Upande wa mbuga ulio kaskazini ya mto Galana na gari ndogo usijaribu kabisa.

Na mfunge vyakula vizuri, chapati zetu zilikuwa na mchanga. Probox nishaiosha mara tatu na bado nikiwasha feni latoka vumbi jekundu.