Jokić au Shai: nani aanze orodha ya wachezaji bora wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, 2025/26?

Pale Jaws Corner, baraza ya kahawa Mji Mkongwe Zanzibar, kahawa hupoa kikombeni kwa swali hili. Msimu wa 2024/25 Shai Gilgeous-Alexander aliongoza ligi kwa pointi 32.7 kwa mechi. Nikola Jokić alipata 29.6, lakini akaongeza ribaundi 12.7 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na asisti 10.2 (pasi za kufungisha); kabla yake ni Oscar Robertson na Russell Westbrook tu waliofikisha wastani wa kumi au zaidi katika vyote vitatu kwa msimu mzima.

Kosa la wengi ni kusoma pointi peke yake. Mtazame Jokić akipokea mpira karibu na mstari wa mitupo huru, mgongo kaupa goli: beki wa pili akisogea hatua moja tu, pasi ishatoka. Akikaa benchi, timu yake Denver hupwaya.

Shai ana ubingwa wa 2025, tuzo ya mchezaji bora wa ligi na ya fainali, na alicheza mechi 76 dhidi ya 70 za Jokić. Uzima huo ni mtaji: chini ya mechi 65 tuzo kubwa huzipati.

Hata hivyo, Jokić namba moja. Mechi zao kwetu huchezwa usiku wa manane hadi alfajiri, basi wengi huhukumu kwa vipande vya video simuni, navyo humpendelea mfungaji.