Kapu la mboga za kilimo hai zilizopinda: karoti ndiyo, nyanya hapana

Naandika nikiwa bado na hasira, nikisubiri nitalainika.

Hawa jamaa wanaouza mboga za kilimo hai zilizokataliwa sokoni kwa umbo lake, mimi nimewapigia debe Sinza yote. Karoti yenye miguu miwili ina kosa gani? Mzizi umekutana na jiwe udongoni ukagawanyika, basi. Utamu ni uleule, na ukishaikwangua kwenye kachumbari nani atajua? Ufaransa, supamaketi za Intermarché waliziuza mboga za namna hii kwa bei ya chini mwaka 2014 na watu wakazichangamkia. Kwa nini za Lushoto zioze shambani eti hazikunyooka?

Sasa juzi kati nimeletewa kapu. Juu karoti, bilinganya zilizojikunja, hoho, safi kabisa. Chini nyanya. Nashika moja, kidole kinazama, maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko, ndani ukungu mweupe. Za chini zote hivyohivyo, na hoho zilizogusana nazo zimeshaanza kuteleza.

Nikapiga simu. Kijana aliyepokea, hata pole hakuna: "Dada, si wewe uliyeagiza mbaya? Ukitaka nzuri nenda supamaketi."

Hapo ndipo paliponiuma kuliko hela. Kupinda na kuoza vinahusiana nini? Mama wa masalo, zile nyanya zilizoanza kulainika, pale sokoni Mabibo anakwambia mapema, "Hizi masalo, mwanangu, pika leoleo," na bei anashusha. Hana kapu lenye nembo, lakini hamfichi mteja kitu. Hawa wanajinadi kwamba wanaokoa chakula kisitupwe, kumbe wamekitoa mlimani kote huko kije kutupwa jikoni kwangu, nauli ya bodaboda nimelipa mimi!

Nilishaamua kuandika msiwaguse kabisa. Lakini bilinganya zile nimezipika, jamani, na mkulima aliyezilima bila dawa hajanikosea kitu. Nikiacha kununua, anayeumia ni yeye. Jioni mwenye biashara mwenyewe alinipigia, akaniomba radhi vizuri, akarudisha hela ya nyanya. Nimepokea.

Kwa hiyo agizeni vya mizizi na bilinganya, na kapu mlifungue bodaboda akiwa bado mlangoni. Nyanya nanunua Mabibo. Na nikipiga simu akapokea yule kijana, nakata.