Laptopu ya Kuhariri Video: Uliza Itafika Mfumo Gani Kabla Hujauliza Bei

Malalamiko yanayonifikia siku hizi yanafanana. Mtu anapiga video za harusi, sendofu na kicheni pati, kajichanga, kanunua laptopu iliyotumika, na muuzaji kamhakikishia kwamba "ina mfumo mpya kabisa". Miezi michache baadaye sasisho linaingia usiku. Asubuhi anafungua kazi ya mteja, video inakatakata, plagini (programu ndogo za nyongeza) hazionekani, au programu imegoma kufunguka. Akirudi dukani anaambiwa tatizo ni programu yake. Si kweli, na inaniuma kuona watu waliotoa pesa ya jasho wakijibiwa hivyo.

Mambo ya RAM na SSD sitayarefusha: anzia GB 16, na SSD ni lazima. Ninalotaka ulishike ni hili: kila kompyuta ina mfumo endeshi wa mwisho ambao mtengenezaji anaukubali rasmi, na huo ndio unaoamua utaitumia mashine yako kwa muda gani. Programu za kuhariri nazo hupandisha masharti. DaVinci Resolve 20, iliyotoka 2025, kwa Mac inataka mfumo wa macOS 14 Sonoma kwenda juu. MacBook Pro ya 2017 rasmi inaishia macOS 13 Ventura. Kioo kinaweza kuwa safi na kibodi nzima, lakini Resolve hiyo hutaipata. Na mwenzako akikutumia kazi aliyoianzia kwenye toleo jipya, toleo lako la zamani haliifungui.

Wauzaji wanalijua hili, ndiyo maana wengine wanapachika mifumo kinguvu. Kwa Mac wanatumia OpenCore Legacy Patcher, programu inayoweka mfumo mpya kwenye Mac ambayo Apple haiikubali tena kwa mfumo huo. Kuligundua hilo, bonyeza nembo ya tufaha kwenye kona ya juu kushoto, chagua kipengele cha kwanza. Utaona mwaka wa mashine na jina la mfumo. Ukikuta 2015 na macOS 15 Sequoia vimekaa pamoja, rudisha mashine mezani, kwa sababu MacBook Pro ya 2015 rasmi inaishia macOS 12 Monterey. OpenCore yenyewe ni ya bure na imewasaidia watu wengi wa barua pepe na intaneti. Kwa video ni balaa: viraka vya grafiki huondoka kila mfumo unaposasishwa, na mpaka virudishwe, kadi ya grafiki haikusaidii kitu. Mnunuzi ambaye hakuambiwa atajuaje?

Kwa Windows ujanja ni ule ule. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, ukiacha prosesa chache mno, Intel ya kizazi cha 8 kuendelea. Dukani utaambiwa, "Core i7 hiyo, dada," kana kwamba maswali yameisha. Soma namba inayofuata. i7-7700HQ ni kizazi cha 7, haimo kwenye orodha. i5-8250U ni kizazi cha 8, imo. Halafu ile i7 ndiyo unayopandishiwa bei! Andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafuta, uone kama toleo linasoma 2.0. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Masasisho ya usalama ya nyongeza kwa watu binafsi yana mwisho wa Oktoba 2026.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni MacBook zenye chipu ya M1, na upendeleo wangu siufichi. Zilitoka Novemba 2020, na bado zinapokea rasmi macOS 26 Tahoe ya 2025. Faili za H.265 za biti 10, 4:2:2, yaani video zilizobanwa zenye rangi nyingi, zile za kamera ya Sony A7 IV zinazokwamisha kompyuta nyingi, zinacheza bila kulazimika kuzibadilisha kwanza. Air haina feni, hivyo kwenye joto la Dar kurenda (kutoa video iliyokamilika ya) harusi ya saa mbili kutaipunguzia kasi. Mwenye kazi ndefu achukue Pro ya inchi 13 yenye M1, au ya inchi 14 ya 2021 akiwa na uwezo. RAM imeunganishwa humo humo, hakuna fundi wa kuiongeza. Ukinunua ya GB 8 umekubali GB 8 moja kwa moja.

Namba mbili, Windows yenye Intel ya kizazi cha 11 kuendelea pamoja na kadi ya NVIDIA. Kuanzia hapo grafiki ya Intel yenyewe inafungua zile 4:2:2, na mashine nyingi zinakubali kuongezwa RAM.

Namba tatu ni kubaki na mashine uliyonayo na kupandisha mfumo, kama inaukubali rasmi. Hapa wakati ndio kila kitu. Usipandishe wiki mfumo unapotoka, na usipandishe kazi ya mteja ikiwa katikati. Apple hutoa mfumo mpya Septemba au Oktoba, na Desemba ndiyo imejaa harusi. Zima masasisho ya kujiendesha, uache waliokutangulia wakutane na matatizo. Subiri Kwaresima au Ramadhani, harusi zinapopungua. Mwaka 2026 vyote viwili vilianza Februari. Kabla ya siku hiyo hakikisha watengenezaji wa programu yako na wa kila plagini wametangaza kwamba wanaukubali mfumo huo. Nakili diski nzima kwenye diski ya nje, toa kila mradi kama faili lake, kisha ndipo upandishe. Resolve ikishaboresha hifadhidata ya miradi, toleo la nyuma haliifungui tena, na ile nakala ndiyo njia yako pekee ya kurudi.

Namba nne, Mac za Intel za 2018 hadi 2020. Bei inavutia, lakini Tahoe ndiyo ya mwisho kwa Mac yoyote ya Intel, na kati ya MacBook hizo ni ya inchi 16 ya 2019 na ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne ya Thunderbolt tu zinazoipata. Windows ya kizazi cha 8 hadi 10 inatosha kwa Full HD. Chini ya hapo usinunue.

Jambo moja zaidi kuhusu Mac za mtumba. Nyingine zilikuwa mali ya makampuni ya nje na bado zimesajiliwa huko. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, aiunganishe na intaneti, aianzishe upya. Ukitokea ukurasa wa usimamizi wa mbali, kampuni hiyo bado inaishika, na inaweza kuifunga ukiwa umeshalipa. Muuzaji atalalamika kwamba unamalizia bando. Mwashie bando lako. Akiendelea kukataa, ondoka na pesa yako.