Swichi tatu kwa taa moja ya ngazi: uzoefu wangu na mafundi wawili wa Bukavu

Nyumba yetu iko Kadutu na, kama nyingi za Bukavu zilizojengwa mteremkoni, ina ngazi ndefu ya zege inayoshuka kutoka sebuleni hadi vyumba vya chini. Taa yake ilikuwa na swichi moja tu, juu, hivyo aliyeshuka usiku ama aliiacha ikiwaka hadi asubuhi ama alirudi akipapasa ukuta.

Fundi wa kwanza alifunga swichi mbili za va-et-vient, yaani zile zenye skrubu tatu, kwa dola 25 na kwa muda wa saa mbili. Taa iliwaka na kuzimika kutoka pande zote mbili, nami nikamsifu mbele ya majirani.

Wiki chache baadaye balbu iliungua. Nilizima taa, nikapanda kigoda, na nilipogusa shaba ya ndani ya kishikio cha balbu umeme ukanipiga hadi begani. Nilipoleta testa, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, iliwaka kwenye ncha zote mbili za kishikio. Nilipobonyeza swichi zote mbili testa haikuwaka popote, ingawa kwa hali zote hizo taa huwa imezimika.

Fundi wa pili alifungua swichi na kunionyesha sababu. Mwenzake, ili asivute waya mrefu, aliingiza waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) katika kila swichi, kwa hiyo taa ilizimika pia pale ncha zote mbili zilipopata moto. Alivuta nyaya upya: moto unaingia kwenye skrubu ya pamoja ya swichi ya juu, yaani ile ambayo swichi huiunganisha kwa zamu na moja ya zile mbili nyingine, nyaya mbili zinashuka hadi swichi ya chini, skrubu ya pamoja ya chini inapeleka moto kwenye taa, na nyutro inakwenda moja kwa moja kwenye balbu bila kupitia swichi yoyote. Mlango wa jikoni aliuwekea swichi ya tatu, yenye skrubu nne, inayozipishanisha zile nyaya mbili zikiwa njiani.

Nililipa dola 60 pamoja na vifaa. Kazi ilichukua siku nzima, kwa kuwa umeme ulikatika saa nne asubuhi na ukarudi jioni, naye akasubiri ili ajaribu swichi zote tatu mbele yangu, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko bei. Balbu ya LED ilibaki ikimulika kidogo baada ya kuzimwa. Alieleza kwamba nyaya ndefu zinazolala pamoja hupitishiana umeme mdogo, akaleta balbu ya aina nyingine, na tatizo likaisha. Lawama yangu ni tundu aliloliacha kwenye plasta, ambalo nililiziba mwenyewe.

Nitamwita tena kwa ajili ya taa ya uani, ambayo nayo iliwahi kupita mikononi mwa fundi wa kwanza, nami bado sijathubutu kuigusa.